Kipande Kilichokatwa kwa Urefu

Jengo la tisa lilikuwa libomolewe mwezi wa nne, na Leona Kuehl ndiye aliyepewa kazi ya kupekua makabati ya maabara. Nyuma ya kabati la mwisho alikuta kisanduku chenye jina la mumewe, Everett. Ndani mlikuwa na kipande cha mrija wa metali ya zirkoni, mrija ule ule uliopasuka kwenye mtambo wa majaribio miaka kumi na mmoja iliyopita, ukammwagia Everett mvuke mpaka akafa.

Mirija ya namna hii hubeba maji ya moto ndani ya kinu cha nyuklia. Kadiri miaka inavyokwenda metali hiyo humeza hidrojeni, nayo huganda humo ikawa vigamba vyembamba, vyepesi kuvunjika. Mafundi huviita haidraidi. Vikilala kufuata duara la mrija, si neno. Vikisimama, kutoka ukuta wa ndani kwenda wa nje, ufa umeshapata njia, na mrija huo haupewi shinikizo mpaka upashwe moto sana.

Tume iliyochunguza ajali ilisema mrija ulikuwa mzima, maana picha aliyoipiga fundi wa maabara, mzee Delphis Gauthier, ilionyesha vigamba vimelala vizuri. Na mrija mzima haupasuki kwa joto aliloandika Everett kwenye daftari la mtambo kabla ya kuupa shinikizo. Basi Everett kaandika uongo! Ndivyo marehemu alivyobaki na jina bovu, na mwanawe wa pekee akaacha kulitumia.

Leona alikiweka kipande chini ya hadubini. Kilikuwa kimekatwa kwa urefu wa mrija. Ukikata hivyo, vigamba vilivyosimama huwa sambamba na msumeno, hata ukodoe macho huvioni. Delphis mwenyewe ndiye aliyemfundisha siku ya kwanza kazini: "Binti, mrija unakatwa kwa kuvuka, upate pete. Ukikata kwa urefu, umejifumba macho."

Akakikata upya kwa kuvuka, akakisugua, akakipaka asidi. Mistari myeusi ya vigamba ilisimama wima, ukuta kwa ukuta. Leona alilia pale pale, glavu mikononi.

Jumamosi Delphis alikuja nyumbani kwa Leona na gari la kuni, kama alivyofanya kila majira ya baridi tangu mazishi.

"Hodi hapa! Hizi kavu kabisa, mwanangu. Zikikushinda hizi, rudi kwa mama yako ukafundwe upya."

Leona hakucheka. Alimwekea mezani picha ya kipande alichokikata upya. Mzee akaitazama, akavua kofia.

"Umekata kwa kuvuka," akasema.

"Wewe kwa nini hukukata hivyo?"

"Ilikuwa Ijumaa. Jumatatu msimu wa kulungu unafunguliwa, wenzangu wameshapakia bunduki, wananisubiri getini. Kwa urefu ni kazi ya nusu saa tu. Nikasema, aah, mrija wenyewe mzima."

"Ulijua lini?"

"Wiki ya mazishi. Nilirudi nikakata kipande kingine kwa kuvuka."

"Ukanyamaza."

"Niliogopa, Leona. Kila mwaka nasema mwaka huu nitakwambia. Halafu nakuletea kuni."

"Kuni, mzee Delphis? Mwanangu anamwita baba yake mwongo, wewe unaniletea kuni?"

Mzee akaichukua kofia yake. "Andika. Jina langu lote. Nitatia sahihi."

"Nitaandika. Na kuni zako usilete tena hapa."

Mzee alipoondoka, Leona aliapa hatagusa hata gogo moja la kuni alizozishusha nje. Akavaa koti, akakaa kuandika mbele ya jiko lililozimika. Theluji ilikuwa imefika madirishani. Kabla jua halijazama vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, kalamu haishikiki, na ripoti haijafika ukurasa wa pili, pale pa kusema kwamba Everett aliandika joto la kweli.

Akatoka nje, akarudi na kuni za Delphis kifuani. Akaziwasha, akaendelea kuandika huku akilia.