Kibuyu Kilichoogeshwa

Justus alikuwa Bwana Afya, na Bwana Afya wa mwaka 1953 hakuwa mtu wa kuchezewa. Alikuwa na kaptura iliyopigwa pasi mpaka ikaweza kusimama yenyewe, daftari la ukaguzi, na kipande cha sabuni nyekundu ya dawa alichokibeba mfukoni kama wengine wanavyobeba rozari. Kutoka Tabora hadi Urambo hapakuwa na mtungi ambao haujasikia hotuba yake juu ya vijidudu. Adui yake alikuwa mmoja tu, tena asiyeonekana kwa macho, jambo lililomfaa sana, maana hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba ameshindwa.

Kitu kimoja tu kilimtia aibu: tumbo lake mwenyewe.

Miaka minane ya bweni na mafunzo, kisha chumba cha kupanga mjini, vilikuwa vimelilea kwa mkate, chai, samaki wa kopo, na maji yaliyochemshwa mara mbili, ya pili kwa usalama wa ile ya kwanza. Basi alipokwenda Igalula kujitambulisha kwa wazazi wa Veneranda, binti aliyempenda kuliko hata sabuni, alikaribishwa ugali wa mtama, mlenda na kata ya maziwa ya mgando. Akanywa kwa heshima, akashukuru, akaomba udhuru. Aliomba udhuru mara tatu kabla jua halijatua. Mara ya nne hakuomba, alikimbia.

Mshenga wake, Lugembe, binamu na mtani wake kwa pamoja, ndiye aliyebaki kuwafafanulia wakwe. "Msimshangae, wazee. Yuko kazini. Anakagua vichaka."

Mzee Marko, baba yake Veneranda, hakucheka. "Mtu anayekikimbia chakula chetu, binti yetu atampikia nini? Rudini baada ya wiki tatu. Akila akatulia, tutazungumza habari za ng'ombe. Asipotulia, wako vijana Urambo wanaolima tumbaku, na matumbo yao hayana maringo."

Wiki tatu nzima Justus aliwaza, akafikia uamuzi ambao ni msomi tu angeweza kuufikia: tatizo si tumbo. Tatizo ni kibuyu.

Siku ya ahadi waliteremka Igalula asubuhi. Lugembe alichelewa stesheni akisalimiana na watu wa pombe, Justus akatangulia. Nyumbani hapakuwa na mtu, wote wako shambani kuvuna karanga. Barazani kilining'inia kibuyu cha maziwa, cheusi kwa moshi, kikubwa kama kichwa cha ndama. Uani chungu cha maji kilikuwa kinachemka juu ya mafiga. Ungesema shetani mwenyewe ndiye aliyeandaa vifaa.

Justus alifungua daftari akaandika: *Kibuyu kimoja. Kichafu.* Akamwaga maziwa yote. Mbwa wa nyumba alikuja akayalamba, akajinyoosha, akalala usingizi. Hakukimbilia kichaka chochote, lakini hilo Justus hakuliandika. Akatia maji yanayochemka, akatikisa, akasugua kwa sabuni nyekundu, akasuuza, akarudia mara tatu. Kisha akakianika juani, mdomo chini, akasimama kando yake kama mwindaji aliyeua simba.

Wa kwanza kurudi alikuwa Bibi Imakulata, mama yake Mzee Marko, na kapu la karanga kichwani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Leo umekuja na miguu ya kukaa au ile ya kukimbia?"

"Ya kukaa, bibi. Tena nimewatayarishia zawadi. Kibuyu nilikiandika kichafu, sasa nimekiosha."

Bibi alitua kapu polepole. Akakiinua kibuyu, akakinusa, akakaa chini vumbini pale pale.

"Umekiosha mpaka wapi?"

"Mpaka ndani kabisa. Nimewaua wote."

"Nani hao?"

"Vijidudu, bibi."

"Wenyeji!" alisema bibi. "Umewaua wenyeji!"

Kibuyu kile, kumbe, hakikuwahi kukauka tangu enzi za mkwe wake bibi. Kila siku maziwa mapya yalitiwa juu ya tone la jana, na la jana lilikuwa limekaa juu ya la juzi, hivyo hivyo kurudi nyuma mpaka zama za misafara. Jioni ile walitia maziwa ya kukamuliwa kama kawaida. Asubuhi hayakuwa yameganda. Yalikuwa yameoza, yananuka sabuni na msiba.

"Mwambie mwenzako," Mzee Marko alimwambia Lugembe, huku Justus amekaa hatua mbili tu kutoka hapo, "jibu lake amelipata."

Veneranda, aliyekuwa amemtetea wiki tatu mfululizo, alimtazama kama mtu anavyoitazama treni iliyokwisha kuondoka.

"Tukaombe mbegu ya kugandishia kwa jirani," Lugembe alijaribu.

"Mbegu ya jirani ni tumbo la jirani," alisema bibi. "Marko, ngoja kwanza. Baba mkwe wangu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe mpaka pwani, na kila kambi alikunywa maji ya watu na kula vya watu. Kila aliporudi, tumbo lake lilikuwa geni kama huyu hapa. Unajua mama mkwe alimfanyaje? Hakumruhusu kushika jembe mpaka kibuyu kimtambue. Anakula cha nyumbani, analala na ndama, anakunywa, anakimbia, anarudi, anakunywa tena. Siku moja anakaa. Hapo ndipo alipohesabiwa kuwa amefika." Akamgeukia Justus. "Wewe, mume wangu, ulirudi miaka miwili iliyopita, lakini hujafika. Tumbo ni kijiji. Wakazi wako ulikwisha kuwafukuza, ukapangisha mikate."

Mbegu ile ilikuwa imebaki mahali pamoja: kwa Josepha, binti yake bibi, aliyeolewa Tura, aliyeichukua siku ya harusi yake. Bibi akaamua: Justus ataifuata. Lakini hatapewa mpaka kibuyu cha Tura kimtambue. Sabuni itabaki kwa bibi.

Justus aliandika barua ya kuomba likizo ya siku kumi na nne kwa ajili ya ugonjwa wa tumbo. Haukuwa uongo, alitangulia kidogo tu.

Shangazi Josepha alimpokea kwa kata iliyojaa. Siku ya kwanza Justus aliijua njia ya kichakani kuliko njia ya stesheni. Siku ya pili pia. Mchana alizoa mavi ya ng'ombe na kukamua. Jioni alikula mlenda kwa vidole vile vile, ndama wakimpumulia shingoni. Siku ya tano aliota samaki wa kopo. Siku ya saba alimwona kunguni, akampisha.

Siku ya kumi, katikati ya mazungumzo marefu juu ya mbuzi wa jirani, alishtuka.

"Shangazi! Nimekaa!"

"Nimekuona," alisema Josepha bila kuinua kichwa. "Tangu mchana. Nyamaza, wasije wakakusikia wakabadili nia."

Alirudi kwa treni, daraja la tatu, kibuyu kipya chenye mbegu mapajani, akikinywesha maziwa mabichi kila stesheni alipoyapata. Abiria walimhurumia. Walidhani ni mchawi aliyefilisika.

Igalula, bibi alionja, akafumba macho, akaonja tena. Akampa Mzee Marko kata, Mzee Marko akaijaza mpaka ukingoni akamkabidhi Justus. Akanywa. Kisha wote wakakaa kumtazama, kama watu wanaongoja mvua. Lugembe alikuwa ameanza kumsafishia njia ya kichakani, kwa upendo wa kindugu. Jua likainama, kuku wakaingia bandani. Tumbo likanguruma mara moja. Veneranda akashika mdomo. Halafu likanyamaza.

"Haya," alisema Mzee Marko, akimgeukia Justus mwenyewe kwa mara ya kwanza. "Ng'ombe wangapi?"

Kabla hajajibu, bibi alikwisha kunyoosha mkono. "Bado. Kidaftari chako kiko wapi? Siku ile ulituandika wachafu. Mjukuu wangu haolewi kwenye daftari lenye uongo. Kagua upya."

Justus alitoa daftari. Alikigeuza kibuyu huku na huku, akachungulia mdomoni, kama inavyotakiwa na serikali. Akaufuta ule mstari wa zamani, akaandika polepole, Veneranda akisoma juu ya bega lake:

*Kibuyu kimoja. Wakazi: hawahesabiki. Hali zao: njema. Wasisumbuliwe.*

"Tia sahihi," alisema bibi.

Akatia.