Familia Ifike Haraka

Muuguzi Urbain alikuwa na haki ya kuringa. Vita vilikuwa vimejaza vitanda vya hospitali yao ya Butembo na kutawanya jamaa za wagonjwa, naye akabuni mpango kwenye kompyuta: ukibonyeza jina la mgonjwa, ujumbe unafika papo hapo kwenye simu za ndugu zake wote, wawe Lubero au Mangina. Wakubwa walitoka Kinshasa kuja kumpiga picha. Kichwa kikamvimba, na nani kisingemvimba?

Asubuhi hiyo mgonjwa alikuwa Michée, mkulima kijana aliyepigwa risasi shambani karibu na Beni. Damu yake ni ya nadra, na akiba ya hospitali ilikuwa imekwisha. Aliyewahi kupimwa akafaa ni mmoja tu, kaka yake Salomon, seremala wa Beni. Daktari alisema wazi: Salomon akifika kabla ya mchana, kijana atapona. Kwa pikipiki, Beni si mbali.

Urbain akabonyeza. Maneno alikuwa ameyatunga mwenyewe, mafupi na yenye adabu: "Mgonjwa amezidiwa. Familia ifike haraka." Kisha akampigia Salomon, halafu mama yao, aeleze habari ya damu. Simu zote mbili zikaita mpaka zikakata. Akafurahi, maskini. Akajua wako njiani.

Saa nane Michée akakata roho, macho yakiwa mlangoni.

Jioni lori la familia likaingia uani kwa vilio. Juu yake, katikati ya wanawake, lilikuwepo sanduku jipya la maiti. Urbain alipoliona alielewa mara moja, maana yeye ni Mnande, mtoto wa hapahapa. Kwao hakuna anayetangaziwa kifo kwa mbali. Unaambiwa mgonjwa amezidiwa, njoo, nawe unajua ameshakufa. Baba yake alipofariki Lubero aliitwa vivyo hivyo, akanunua sanda kabla ya kupanda gari. Akili nyingi huondoa maarifa. Jambo alilolijua tangu utoto, mashine ilimsahaulisha.

"Alikufa saa ngapi?" aliuliza mama, Kyakimwa.

"Saa munane, mama."

"Ya leo?"

"Ya leo."

"Mais message ilifika asubui. Donc asubui mutoto alikuwa angali muzima?"

Urbain alitamani ardhi immeze. "Tulikuwa tunamutafuta Salomon," akasema. "Juu ya damu."

"Sisi tulijua munatuficha, vile batu banafichaka kifo. Tukaanza kulia. Salomon akaingia mu atelier, akatengeneza sanduku siku muzima."

Salomon alikuwa nyuma yake, unga wa mbao ungali kwenye nywele. Hakulia wala hakutukana. Alikunja mkono wa shati na kumnyooshea Urbain mkono.

"Kamata," alisema. "Kamata damu, nimefika."

Urbain aliushika kwa kukosa la kufanya. Ulikuwa na joto, na mishipa imejaa.