Hotuba Yenye Matundu

Mkurugenzi hakuwa na wazo hata moja kichwani, lakini alikuwa na sauti, na kwa miaka mingi sauti hiyo ilikuwa imemtosha. Ofisini walimwita Kipaza, kisirisiri. Maneno yaliyopita kwenye sauti hiyo yalikuwa ya mwandishi wake wa hotuba, mwanamke mwenye miwani aliyekaa chumba cha mwisho kwenye korido, kati ya stoo na choo, na aliyemdharau bosi wake kwa moyo mkunjufu kabisa.

Wasikilizaji nao hawakupona dharau yake. Alikuwa amesoma ufundi wa lugha mpaka ukamharibu. Mtu akilia msibani, yeye hutafuta chuku imezidi wapi. Bibi harusi akisifiwa, yeye huhesabu tashbihi zilizochakaa.

"Watu hawa," alimwambia tarishi siku moja, "ukirudia neno mara tatu wanapiga makofi. Ukiuliza swali lisilotaka jibu, wanajibu. Ukisema kila mtu anakubali, wanakubali."

Tarishi akakubali.

Asubuhi moja Kipaza aliingia chumbani kwa mwandishi bila hodi, kama kawaida yake. Alitaka mafundi cherehani wa pale kando ya stendi wahamie ng'ambo ya daraja, ili mahali pao pawe maegesho ya magari. Jumamosi kutakuwa na mkutano, na mafundi wenyewe wataamua kwa kunyoosha mikono.

"Nataka ionekane wametaka wao," alisema. "Niandikie kitu kizito. Kiwaguse hapa!" Akajipiga kifua, upande usio na moyo.

Kwenye safu ile ya mafundi, chini ya bati lenye kutu, ndiko ilikokuwa cherehani ya mama wa mwandishi. Cherehani hiyo ndiyo iliyomsomesha. Ng'ambo ya daraja hapapiti mtu ila aliyepotea njia, na mama, kwa magoti yake mabovu, hawezi kuzunguka kutafuta wateja. Akihamishwa, kazi imekwisha. Kipaza hayo hakuyajua. Hakuwa mtu wa kukumbuka kwamba wafanyakazi wake nao wana mama.

Kukataa kusingesaidia, maana mwandishi mwingine angepatikana kabla ya chai. Basi akaamua kuandika hotuba mbovu kuliko zote, yenye hoja zilizooza waziwazi, ili Kipaza achekwe mpaka ashuke jukwaani. Kipaza mwenyewe asingegundua. Kwake hoja ilikuwa ni kitu chochote kinachosemwa kwa sauti.

Aliandika huku akicheka peke yake. Kwanza akaweka njia mbili tu, kana kwamba dunia haina ya tatu: ama mvuke daraja, ama mfe maskini. Kisha akaweka hoja inayojizunguka yenyewe: kuhama ni maendeleo, kwa sababu maendeleo ni kuhama. Wenye kupinga hakuwajibu. Aliwaita wavivu tu, akapita. Akamtaja fundi mmoja aliyehama akatajirika, na kwa huyo mmoja akawaahidi wote utajiri. Hata mto akaupa mdomo, ukawaita mafundi kwa mapenzi. Tundu juu ya tundu! Mtoto wa chekechea angeona mwanga upande wa pili.

Mwishoni palihitajika sentensi ya kufungia, na mkono wake ukachukua iliyokuwa karibu. Mama yake alikuwa na maneno yake ya kumchangamsha kila mteja anayepimwa: vua wasiwasi, nguo nitakuvisha mimi. Akayaweka kwenye wingi, akaona yanafaa, akapeleka kazi.

Kwa mama yake hakudokeza neno juu ya mpango huo. Ya nini? Mama hakuwa kichwa maji kama hao wengine.

Jumamosi, mkutano ukifanyika palepale kwenye safu ya mafundi, alisimama nyuma kabisa, mikono kifuani, akingojea kicheko. Kipaza akanguruma kuhusu daraja na umaskini. Hakuna aliyecheka. Halafu mtu akapaza sauti: "Kweli kabisa!" Makofi yakafuata. Alipofika kwenye "maendeleo ni kuhama", wakapiga miguu chini. Mshona vifungo mmoja mwembamba akauliza, "Kwani huko ng'ambo kuna wateja?" Jirani yake akamrukia: "Kaa chini, mvivu wewe!"

"Vueni wasiwasi," Kipaza akamalizia, "nguo nitawavisha mimi! Wanaokubali?"

Mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wa mama yake, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Alikuwa mkongwe wa safu ile. Mafundi wengine wakamtazama, nao wakanyoosha.

Mwandishi alipenya watu kwa viwiko hadi akamfikia.

"Mama! Umefanya nini? Huko hakuna mteja hata wa dawa!"

"Shikamoo kwanza," mama alisema.

"Shikamoo. Mama, hukusikia? Hotuba nzima ni matundu matupu!"

"Marahaba. Nimesikia, mbona. Nikajiuliza, huyu bwana anasema nini? Maendeleo ni kuhama, kuhama ni maendeleo, ndiyo nini hiyo? Nilikuwa nanyanyuka nimuulize."

"Sasa mbona hukuuliza?"

Mama akacheka, akamshika shavu mbele ya watu wote.

"Si nikasikia maneno yangu? Ya kuvua wasiwasi. Nikasema, aa, hii kaandika mwanangu! Basi yale ambayo hayakuniingia, nikajua ni kwa sababu mimi sikusoma. Mwanangu hawezi kunipeleka pabaya."

Hoja ya namna hiyo ina jina lake vitabuni, ya kukubali neno kwa sababu ya aliyelisema, na mwandishi alilijua tangu mwaka wa kwanza wa chuo. Mama alikuwa ameshaanza kuifunga cherehani kwa kamba, magoti yakimlia, uso umejaa fahari.

"Shika upande wa pili, mama," alimwambia bintiye. "Ni nzito."

Akashika.