Mapambazuko ya Samaki wa Zornitsa

Wiki tatu nzima samaki wa Zornitsa hawakutaga hata yai moja. Walikuwa jozi ishirini za samaki wadogo wenye milia, urefu wa kidole, katika maabara ya chuo huko Plovdiv. Daktari Manolova, mkuu wa maabara, alikwisha kutia sahihi karatasi: mayai yasipopatikana kufikia Ijumaa, watalazwa kwa dawa wasiamke tena.

"Wamezeeka, mwanangu."

"Hawajazeeka, Daktari. Kuna kitu kinawakera."

"Kinachowakera ni wewe unavyowachungulia," akadakia Mzee Stamen, fundi wa mabomba na taa. "Hata mimi nisingetaga."

Zornitsa alicheka, ingawa roho ilimuuma. Ndiye aliyewalea tangu wakiwa wembamba kama unywele wa kope.

Jumanne alimwachia mama mkwe binti yake, akafika kazini saa kumi na mbili alfajiri. Samaki hawa hutaga nuru ya kwanza inapowafikia. Usiku dume na jike hutenganishwa kwa kizuizi cha plastiki, na taa zikiwaka, saa mbili asubuhi, kizuizi huondolewa. Alitaka kuwaona wangali gizani, wametulia. Akafungua mlango: chumba cheupe pe kwa taa. Saa ya ukutani inayowasha taa ilionyesha saa mbili kamili.

Wenzake walipofika walimkuta akiwasubiri mlangoni.

"Mzee wangu, uliigusa hii saa?"

"Niliisogeza mbele saa moja, wiki tatu zilizopita, siku ile nchi nzima iliposogeza saa zake kwa majira ya joto. Si kazi yangu?"

Daktari Manolova, mkoba ungali begani, akawa mwekundu. "Na mimi niliisogeza, bila hata kuilinganisha na yangu. Nilidhani umesahau."

"Na yenyewe hujisogeza," Zornitsa akasema taratibu. "Kwa hiyo imesogea mara tatu badala ya mara moja. Na kwenye daftari la chumba hakuna aliyeandika hata mstari."

Mzee Stamen akajikuna kisogo. "Kumbe tunawaamsha saa kumi na mbili, mchumba tunamleta saa mbili. Hamu yote imekwisha."

"Wewe uliyechelewa harusi yako mwenyewe," Daktari akamwambia, "ndiwe uliyepaswa kuligundua hilo kwanza."

Wakairudisha saa hiyo nyuma kwa saa mbili, wakaandika, wakatia sahihi wote watatu.

Ijumaa Zornitsa alisimama gizani, mkono juu ya kizuizi cha kwanza. Taa zikawaka polepole. Akakivuta, kisha cha pili, cha tatu. Madume wakaanza kuwaandama majike, ubavu kwa ubavu, maji yakitetemeka. Na chini, kupitia sakafu ya kila tangi, yenye matundu, vikadondoka vitone vinavyong'aa, kumi, hamsini, hata akaacha kuhesabu.

Daktari Manolova aliichana karatasi ya Ijumaa vipande vinne, kisha akaomba msamaha. Aliwaomba samaki, si watu.

Kesho yake, ijapokuwa ilikuwa Jumamosi, wote watatu walikuja. Zornitsa aliweka yai moja chini ya hadubini, akarekebisha lenzi, akampisha fundi.

"Tazama hapo katikati, Mzee wangu. Moyo huo."

Mzee Stamen aliinama. Akavua kofia.

"Unapiga," akasema.