Kiitikio cha Darasa la Tano

Mdogo wake mwalimu alikuwa ameweka mioyo kwenye video. Mioyo midogo myekundu iliyopaa kutoka kwenye vishikwambi vya shule kama povu la sabuni, huku kinanda kikilia kwa huruma. Mwalimu wa hesabu alikitazama kioo cha kompyuta, akakunja uso.

"Hii mioyo inatafuta nini darasani kwangu?"

"Mapambo, dada. Watu wanapenda."

"Watu gani? Hawa ni watoto wa darasa la tano. Hawajaoana."

Mdogo wake alikuwa mpiga video za harusi, na chumba chake cha kazi nyuma ya duka la fundi cherehani kilijaa picha za maharusi ukutani. Mkono wake ulizoea kupamba. Dada yake, kwa upande mwingine, alikuwa mtu ambaye wanafunzi walimwita Mama Desimali, kwa sababu hakuwahi kumsamehe mtu aliyepoteza nukta. Jina hilo alilijua, akajifanya halijui.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano na muda ulikuwa hautoshi. Vishikwambi thelathini vilivyokuwa darasani mwake viliazimwa kwa mwaka mmoja, na mwaka ulikuwa umekwisha. Kila shule iliyoazimwa ilitakiwa kutengeneza simulizi ya dakika kumi, yenye picha, sauti na video, ikionyesha vifaa vile vimebadilisha nini katika kujifunza. Ijumaa afisa elimu angekuja kuitazama pamoja na kamati ya shule. Akiridhika, vinabaki. Asiporidhika, vinapakiwa kwenye gari siku hiyohiyo.

"Nataka kitu kinachong'aa," mwalimu mkuu alikuwa amemwambia. Basi hiki hapa kiling'aa mpaka kikaumiza macho. Vidole vikigusa vioo. Watoto wakicheka. Kisha akajiona mwenyewe amesimama mbele ya darasa, Jumatatu ile walipokuja kurekodi, akiuliza, "Tumeelewa?"

"Tumeelewaaa!" darasa zima likaitika.

"Hapa ndipo penyewe!" mdogo wake akapiga kofi. "Nimepaacha paende polepole ili watu wapafaidi."

Miaka ishirini na sita alifunga kila kipindi kwa swali lile, na kiitikio kile kilikuwa fahari yake. Walimu wa madarasa ya jirani walikisikia wakamwonea wivu. Muhula wa pili mwaka huu alikuwa ameapa kutoliuliza tena. Lakini kamera ilipoelekezwa kwake, ulimi ukajiendea wenyewe kwenye njia yake ya zamani, wala hakujua. Mazoea yana taabu.

Sababu ya kiapo ilikuwa hii. Siku moja, baada ya kipindi cha sehemu na baada ya kiitikio kikubwa kuliko vyote, aliwapa watoto vishikwambi kwa zamu, kila mmoja aende pembeni ajirekodi akieleza swali moja tu: kati ya theluthi na robo, ipi kubwa, na kwa nini? Jioni alizisikiliza zile sauti nyumbani huku akimenya viazi. Watoto arobaini na wanane. Thelathini na mmoja walisema robo ni kubwa, maana nne ni zaidi ya tatu. Msichana mmoja alijibu, kisha akanong'ona mwishoni: "Mwalimu, mimi huwa nasema tumeelewa kwa sababu wenzangu wanasema."

Aliweka kisu chini akalia. Si kilio cha kumwonea mtoto huruma. Ilikuwa aibu yake mwenyewe, na hakutafuta wa kumsingizia.

Kuanzia kesho yake kiitikio kilikufa. Kila siku watoto walijirekodi, kila asubuhi alisikiliza kabla ya kuingia darasani, na waliokwama aliwakusanya kwenye meza moja na karatasi za kukunja. Sasa arobaini na wawili waliweza kueleza swali lile bila kubabaika. Waliobaki sita aliwajua mmoja mmoja, na alijua kila mmoja amekwama wapi.

"Futa mioyo," alisema. "Hapo ninapouliza, rudisha mwendo wa kawaida. Kisha weka hizi."

Akamwekea zile sauti za kwanza. Mdogo wake alicheka kwenye ya pili. Kwenye ya sita aliacha kucheka.

"Dada, ukionyesha hii watakucheka."

"Wacheke. Wakimaliza kucheka watafikiri."

"Na picha? Sauti bila picha ni redio."

"Mikono yao, ile uliyoirekodi Jumatatu. Sura sitaki."

Mdogo wake akavuta kiti karibu. Alikuwa na maneno mengi, lakini kazi yake aliijua. Alisikiliza tena mnong'ono ule, akazima kinanda. "Hapa pasiwe na muziki hata kidogo," alisema. "Na mkono wa huyu usionekane. Paache peusi."

Alhamisi mwalimu alikwenda kuwaomba watoto ruhusa. Wazazi walikuwa wameshatia saini. Alifungua kinywa kuuliza, "Mnakubali?" akaung'ata ulimi kabla arobaini na wanane hawajampigia kelele za ndiyo. Badala yake kila mmoja akaenda kurekodi jibu lake. Wawili walikataa. Mmoja alisema, "Baba anaijua sauti yangu." Akawaondoa wote wawili. Yule wa mnong'ono alisema, "Weka, mwalimu, ila usiseme ni mimi."

Mwalimu mkuu aliitazama video mchana huohuo, akavua saa yake akaiweka mezani, jambo alilofanya anapojizuia kugomba.

"Mwalimu, unataka kutuvua nguo hadharani?"

"Nguo ni zangu, mwalimu mkuu. Aliyekuwa anafundisha ni mimi."

"Na wakivichukua?"

"Wavichukue tukiwa tumesema kweli. Tukiwaonyesha meno ya watoto tu, vitabaki, halafu? Mwakani mwalimu mwingine atavifungia kabatini avitoe siku ya wageni."

"Haya. Ukianguka, usinishike shati."

"Sitakushika."

Hakulala vizuri, tuseme ukweli. Lakini Ijumaa asubuhi alikuwa wa kwanza katika chumba cha walimu, akifunika madirisha kwa mashuka na kupima spika.

Afisa elimu alikuwa mama mmoja mwenye miwani, mchache wa maneno. Alikaa mbele, kamati nyuma yake. Video ikaanza. "Tumeelewa?" "Tumeelewaaa!" Wajumbe wawili wakatabasamu. Kisha ikatokea mikono midogo juu ya dawati, na sauti moja pekee: "Robo ni kubwa kwa sababu nne ni nyingi." Mikono mingine: "Robo." Nyingine: "Robo, mwalimu, maana tatu ni ndogo." Kuna aliyecheka. Zilipofika kumi hapakuwa na wa kucheka. Kioo kikawa cheusi, mnong'ono ukapita, na chumba kizima kikausikia. Baadaye ikaja mikono ileile ikikunja karatasi, na sauti zilezile, za sasa, zikieleza taratibu kwamba ukigawana na wengi zaidi kipande chako kinapungua.

Mashuka yakafunguliwa. Afisa hakuandika kitu.

"Mwalimu, umefundisha miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Na muda wote huo ulikuwa unauliza hivyo?"

"Kila kipindi."

"Kwa hiyo tatizo lilikuwa mwalimu. Vifaa ni vya nini?"

Jibu aliloliandaa tangu juzi lilimtoroka lote, hata herufi haikubaki. Akasema lililokuja.

"Lilikuwa mimi, sikatai. Lakini nina watoto arobaini na wanane na masikio mawili. Wakiitika pamoja nasikia sauti moja. Kifaa hakinifundishii. Kinaniletea zile arobaini na saba nyingine."

Mwalimu mkuu alikuwa amevua saa yake tena, ameiweka mezani. Ndipo mwakilishi wa wazazi alipokohoa. Alikuwa fundi wa kuweka vigae, mwanamume mwenye mikono mipana, aliyepita darasani mwa mwalimu huyu miaka kumi na minane iliyopita. Mwalimu alipenda kumtaja kwa wanafunzi: huyo ndiye aliyekuwa akiitika kwa nguvu kuliko wote.

"Mimi pia robo," alisema.

Hakuna aliyemwelewa.

"Nasema, hata mimi ningejibu robo. Hata leo. Nikiambiwa kata kigae theluthi, nakata kwa macho. Kikivunjika nakifukia kwenye kifusi, mwenye nyumba haoni." Alijaribu kucheka, kicheko kikakwama. "Miaka yote hii nilidhani darasa lile aliyekuwa haelewi ni mimi peke yangu."

Afisa alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu.

"Wiki hii nimetazama simulizi tisa," alisema. "Katika zote watoto wanacheka. Sijui kicheko kinapimwaje. Hapa nimeona vifaa vinafanya kazi gani. Vibaki."

Mwalimu mkuu aliruka kupiga makofi, akakuta yuko peke yake, akavaa saa yake. Mwalimu alifurahi, ndiyo. Lakini macho yake yalikuwa kwa fundi, ambaye alikuwa ameshainuka na anapenya kuelekea mlangoni, kichwa chini, kama mtu aliyesema zaidi ya alivyokusudia. Akamfuata. Alimkuta kwenye baraza ya madarasa akamshika mkono wa shati.

"Jumatatu, saa kumi jioni. Darasa litakuwa tupu. Njoo na kigae na penseli."

"Mwalimu, mimi ni mtu mzima. Nina watoto watatu."

"Na mimi nina wajukuu. Ulikaa mbele yangu mwaka mzima nikakupita. Hunidai pole, unanidai kipindi."

Fundi alitazama huku na huku kama kuna anayewasikia. Hapakuwa na mtu.

"Nikija nikashindwa tena?"

"Utaniambia umeshindwa wapi," alisema mwalimu, "na safari hii nitakusikia."