Anayelima Mahali Pangu

Picha ya mgongo niliyopigwa hospitali ilitoka safi, na huo ndio ulikuwa msiba wangu. Tangu siku ile mume wangu, Datius, akawa na hakika kwamba naumwa kwa kupenda.

"Mama Evelyne, alfajiri nimekusikia unalima kibanjani," aliniambia asubuhi moja, nami bado niko kitandani, nimeshindwa hata kugeuka. "Kwa jembe mgongo unao, kwa kupika huna?"

Nilikasirika sana. Jembe nilikuwa sijalishika mwaka mzima! Lakini nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, magugu yalikuwa yamepaliliwa vizuri, tena kwa mtindo wangu. Mama mkwe naye aliapa kwamba ameniona na nimemwamkia. Nikaanza kuogopa nyumba yangu mwenyewe.

Muuguzi mmoja ndiye aliyenielekeza kwenye kikundi cha watu wenye maumivu yasiyoisha. Walikutana Bukoba mjini, kwenye chumba nyuma ya kanisa. Nilitoka kwetu Kanazi nimesimama kwenye basi, maana kukaa kunaniua zaidi. Nikawakuta wengine kwenye viti, wengine wamejilaza mikekani, na hakuna aliyeniuliza nitapona lini. Kwa hilo tu nililia.

Nilipoeleza ya kibanjani, nilijua watanicheka. Klaudia, aliyekuwa akianika dagaa visiwani Muleba kabla mabega hayajamshinda, aliuliza taratibu, "Wako analima? Wangu anaanika dagaa."

"Wangu anachuma kahawa," mzee Kahigi akasema. "Na anaimba, mshenzi yule."

"Ni akina nani hao?" niliuliza.

"Ni sisi, waitu, mwenzangu," Klaudia akajibu. "Sisi wa kabla ya maumivu. Hawadhuru. Ila usimwonyeshe mtu wa nyumbani kwako."

Nikauliza kwa nini. Akatazama pembeni, akasema yeye siku hizi anaishi peke yake.

Laiti ningemsikiliza. Lakini nilitaka kuaminiwa kuliko nilivyotaka kupona. Alfajiri moja jembe lilipoanza kusikika, nilimwamsha Datius, nikauweka mkono wake kifuani pangu.

"Mimi niko hapa. Yule nje ni nani?"

Alisikiliza. Kisha akalia, akaniomba msamaha kwa maneno yote aliyonitupia, nami nikafurahi kama mjinga. Akafuta machozi, akavaa malapa, akafungua mlango wa nyuma.

"Usiende, Baba Evelyne!"

Akaenda. Mimi kuinuka sikuweza.

Jembe likanyamaza. Nikasikia kicheko changu, kile cha zamani, na sauti ya Datius, laini, ikimwambia apumzike kidogo.

Kulipokucha walikuwa jikoni, wanawasha moto na kutaniana. Nikaita kwa nguvu zangu zote, nao wakatulia.

"Umesikia mtu anaita?" Datius aliuliza.

Na yule, kwa sauti yangu, akamjibu kwamba hajasikia kitu.