Charo Kombe Wawili

Programu ile ya kompyuta ya kuwekea orodha ya wagonjwa wa kliniki tulipewa bure, na maagizo yake yote, yale yanayoiambia kompyuta la kufanya, yalikuwa wazi kwa yeyote anayeweza kuyasoma. Walioitunga ni watu wa kujitolea huko Ulaya. Ukiona kosa, waandikie. Ukiweza kulirekebisha, rekebisha uwatumie, nao watawagawia wengine. Mimi niliona kosa, nikaandika. Nikaandika tena. Nilichoka mpaka kuiona bahasha tu kukanichosha.

Kosa lenyewe ni hili: watu wawili wa kijiji kimoja wakiwa na jina moja, programu iliwafanya mtu mmoja. Kwao labda ni jambo la nadra. Huku Wagiriama humpa mjukuu jina la babu yake, na kule Magarini mzee Charo Kombe na mjukuu wake Charo Kombe waliugua kifua kikuu katika nyumba moja. Kijana akamaliza dawa. Kompyuta yetu ya Malindi ikachapa: Charo Kombe, amepona. Muuguzi akamsomea mzee, na mzee akaacha dawa, akaenda zake kwa furaha.

Jibu la Ulaya likafika: “Dada Jedida, kosa hilo kwetu halitokei.” Lo! Kwani wao wana akina Charo Kombe wangapi? Hasira zilinipanda. Nikakaa na maagizo yale mpaka programu ikajua kutazama na mwaka wa kuzaliwa. Nikaposti disketi yenye marekebisho, nikachapa orodha mpya, nikaenda nayo Magarini mwenyewe.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu kiti.”

Nikamweleza kwamba mashine ilikosea, aliyepona ni mjukuu wake, na yeye arudi kliniki leo hii. Akacheka.

“Wenyewe walioitengeneza wamesema nimepona. Wewe ni nani hata uwapinge?”

“Wao pia hukosea, mzee. Mimi ndiye niliyeirekebisha.”

“Haya. Basi na waniandikie wao wenyewe, nami nitarudi.”

Nilitamani kulia. Barua yao ya mwisho nilianza kuingojea mahindi yakipandwa, ikafika yamekwisha kuvunwa. Nikamwambia nitawaandikia. Mzee akageuka kumwita mkaza mwanawe aniletee chai. Jina hakulimaliza. Kikohozi kilimshika, akainama, akakohoa mpaka Charo Kombe yule mwingine akatoka ndani mbio kuja kumshika.